Mgomba wa Urefu Wangu

Siku tuliyomzika mama pale Butiama, masika haya yaliyopita, kijana mmoja wa kanisani alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti yake nzuri, hakukosea hata jina. Akafika mahali akasema mama aliishi kwa matumaini tangu ujana wake, na kwamba imani yake haikuyumba hata siku moja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wenzangu, kicheko kikanitoka puani kama chafya. Shangazi akanifinya paja. Watu wengine walidhani nalia, wakanipigapiga mgongoni. Baadaye, kule nyuma ya nyumba ambako masufuria ya msiba yalikuwa yanachemka, nikawasikia wasichana wanaochambua mchele wakisemezana. "Bibi huyu imani alizaliwa nayo," mmoja alisema. "Sisi wa siku hizi tutaitoa wapi?" Nikaweka mwiko chini. Alizaliwa nayo! Nilitaka kuwapasha palepale, lakini mdomo wangu unajulikana kijijini, na siku ile nilikuwa nimejiapiza kuufunga. Sasa matanga yameisha, niacheni niseme.

Nasema nikiwa mtu ambaye hana cha kujivunia. Nina mgahawa mdogo Bunda, karibu na stendi, nauza chapati na supu, miguu inavimba ikifika saa nane. Wanangu wamesoma, vyeti wanavyo, kazi hawana. Mvua ya mwaka huu imekuja ikatuchungulia ikaondoka. Tangu mama aondoke, kuna asubuhi naamka nakaa kitandani natazama ukuta, sioni sababu ya kwenda kuwasha moto. Kwa hiyo msinione kama mhubiri. Ninayemkumbuka sio yule bibi mtakatifu wa kwenye wasifu. Namkumbuka mama wa mwaka ule ambao duara la Kiabakari lilimmeza kaka yangu Magesa.

Duara ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo la dhahabu. Magesa alikuwa anachimba na wenzake kando ya mgodi wa zamani, ule ulioachwa, na jioni za Jumamosi alikuwa anarudi nyumbani na vumbi jeupe kwenye nyusi. Siku yenyewe mimi na mama tulikuwa shambani tunachuma pamba. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, binti mrefu kuliko wasichana wote wa pale, nalingana na kaka yangu sawasawa hata viatu tuliazimana. Akaja mtu kwa baiskeli, akaiachia ianguke bila kuiegesha. "Mama Magesa, duara limetitia." Mama akamuuliza, "La nani?" Yule mtu akatazama chini. Tulikwenda Kiabakari vilevile tulivyokuwa, pamba bado imefungwa kwenye kanga kiunoni, na hakuna aliyekumbuka kuifungua mpaka kesho yake.

Wenzake walikuwa wamepanda juu kula. Magesa alibaki chini peke yake, alisema anamalizia. Rafiki yake Sospeter ndiye aliyetusimulia, huku ameshika kichwa kwa mikono miwili: "Aliniambia, 'Niachieni mboga, msimalize.' Mama, nilimwachia. Iko pale, imefunikwa." Matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za shimo, yalikuwa yamevunjika, na maji yalikuwa yanaingia kwa chini, kwa kasi kuliko mashine ilivyoweza kuyavuta. Wanaume walitoa udongo kwa ndoo na kamba, wakapokezana, wakachoka, wakaanza tena. Mama alilala kifudifudi, sikio kwenye ardhi. "Anagonga," alisema. "Njooni msikie. Anagonga!" Watu wakalala, na mimi nikalala. Nilisikia mashine ya kuvuta maji, basi. Siku zikapita, wakaja wakubwa na magari, wakasema sehemu ile si salama, kuta zinaendelea kuanguka, hawawezi kupoteza watu wengine kumtafuta mmoja. Wakazungushia kamba. Hivyo tu. Mtoto wa mtu akabaki chini ya kamba.

Tulipokuwa tunaondoka, Sospeter akamkimbilia mama. Alikuwa analia na alitaka kumpa kitu chochote, na hakuwa na kitu, basi akampa maneno. Akamwambia chini huko kuna njia za mgodi wa zamani, zimepita kila upande, wachimbaji wote wanajua, na kuna watu waliwahi kupotelea shimo moja wakaja kutokea lingine. "Usikate tamaa, mama. Mtu anaweza kutembea akatokea upande wa pili." Ni stori ambayo kila mchimbaji pale aliiamini, maana bila kuiamini nani angeshuka? Mimi mpaka leo simlaumu yule kijana. Lakini maneno yale ndiyo yaliyotuchoma zaidi kuliko shimo lenyewe, kwa sababu mama aliyabeba mpaka nyumbani, akayalaza kitandani kwake.

Kwanza aliacha kukaa msiba. Majirani walikuja na unga na kuni kama desturi, wakamkuta anafagia. "Mmekuja kumlilia nani?" aliwauliza. Wakatazamana, wakaweka unga wao mlangoni, wakaondoka. Halafu mtu mmoja akamwambia habari za nabii wa kike aliyekuwa Bunda, mwenye karama ya kuona waliopotea. Tukapanda lori la pamba mpaka Bunda. Chumba cha yule nabii nakikumbuka vizuri, kina pazia la bluu na maua ya plastiki yaliyojaa vumbi, na kwenye benchi tulikaa watu wengi kila mmoja na aliyempoteza. Mwanamke wa Nyamuswa aliyekaa karibu na sisi alikuwa anatafuta mume. Alimnong'oneza mama, "Mimi hii ni mara yangu ya kumi na ngapi sijui. Kila nikija anasema yuko karibu." Nilidhani mama atasikia hapo. Hakusikia.

Nabii alifumba macho, akamshika mama kichwa, akasema anamuona Magesa yuko hai, anatembea mahali penye giza, mbele yake kuna maji. Akasema njia ya kurudi iko wazi, ila wanaolia ndio wanaoifunga. Kwa hiyo nyumbani asilie mtu. Na lile neno lisitamkwe. Neno lenyewe unalijua: kufa. Mama akarudi na amri hiyo kama aliyepewa dawa ya hospitali. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuwa anakwenda kulia zizini na ng'ombe, tunamsikia anakohoa kwa nguvu ili tusisikie kilio. Redio ikifika saa ya matangazo ya vifo, mama aliruka kuizima. Kuku walipopigwa na kideri wakaisha bandani, tulisema kuku wameondoka. Hee! Wameondoka, na wamelala pale miguu juu! Siku nyingine nacheka nikikumbuka, lakini siku zile hakuna aliyecheka. Tulikula ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na mlenda bila kusemezana, kila mtu anachunga ulimi wake. Nyumba isiyo na kilio, yenye mtu aliyefukiwa kilomita chache tu kutoka pale, nawaambia, ni nyumba inayokunyonga taratibu.

Kanisani nako aliacha. Alikuwaga sauti ya kwanza kwenye kwaya, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mwinjilisti wetu, mzee Elisha, alikuja kumuuliza. Alikuwa mtu mwembamba mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye, na aliwahi kuzika watoto wawili kwa surua katika wiki moja, jambo ambalo hakuwahi kulisema madhabahuni. Mama hakumkaribisha kiti. "Nitaimba siku atakayorudi," alimwambia. "Huyo Mungu anajua Magesa yuko wapi. Akimrudisha, nitaimba mpaka mnichoke. Asipomrudisha, mwambie anitafutie mtu mwingine wa kumwimbia." Mzee Elisha akasimama pale juani, kofia mkononi. Akasema, "Nitamwambia, mama." Akapanda baiskeli yake akaenda. Nilimkasirikia. Nilitaka ajibu kitu. Wahubiri wana majibu ya kila kitu, na huyu, siku tuliyomhitaji, anasema nitamwambia.

Halafu zikaanza habari. Mtu kamwona Magesa kule Mugango anashona nyavu. Mtu kamwona kwenye mnada wa ng'ombe. Watu hawakuwa na ubaya, mama alikuwa anawauliza kwa macho yale mpaka mtu anaona huruma anajikuta amemwona kweli. Mara ya mwisho ilikuwa Musoma. Tukaambiwa yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anabeba makasha. Tulifika asubuhi, upepo wa ziwa unavuta harufu ya dagaa waliotandazwa, wanawake wanagombania furu na sato, kelele tupu. Mama akasimama ghafla, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mbele yetu kijana amepinda mgongo anainua kasha, shingo ni ya Magesa, mabega ni ya Magesa, shati la mistari kama lake. Mama hakukimbia. Alitembea polepole kama mtu anayeogopa kumtimua ndege, akamwekea mkono mgongoni. Kijana akageuka. Alikuwa na kovu kwenye mdomo, na alikuwa mkubwa kuliko kaka. Akamtazama mama, akaelewa kitu, sijui nini. "Shikamoo mama," alisema. "Mimi siye." Mama akaitikia marahaba, akamfuta shombo ya samaki begani kwa upindo wa kanga, akamwambia, "Uangalie mgongo wako, mwanangu, hayo makasha ni mazito."

Tuliingia kwa mama lishe mmoja, nikaagiza ugali na furu. Mama hakugusa. Alikuwa anatazama ziwa. Nilidhani sasa ataanguka, na Mungu anisamehe, nilikuwa namwombea aanguke, alie, amalize. Badala yake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atakuwa amevuka kwenda Ukerewe." Hapo ndipo mimi nilipokata tamaa. Magesa nilishakubali moyoni kwamba hayupo. Mama ndiye niliyemkatia tamaa. Niliona miaka yote mbele yetu, mwalo baada ya mwalo, kisiwa baada ya kisiwa, shati baada ya shati. Niliona matumaini yanaweza kuwa ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unaomla mtu huku anatembea. Watu wanaohubiri matumaini kirahisi kwenye redio, nawasikiaga asubuhi nikikanda unga, na kila mara nauona ule ugali ukipoa Musoma.

Kwetu mtu asipopatikana, haizikwi hewa. Ukoo wetu ulikuwa na desturi ya kukata mgomba wa urefu wake, kuuvika shuka, na kuulaza kaburini, ili marehemu ajue kwao na waliobaki walie wamalize. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeamua. Mvua za vuli zilipoanza alikuja na wanaume wa ukoo, akamwambia baba, "Umeiacha nyumba yako inaoza. Kesho tunazika." Wazee wa kanisa wakasikia, wakasema huo ni upagani, Mkristo haziki gogo, wakapeleka neno kwamba mwinjilisti asikanyage. Nabii wa Bunda alishasema ukimzika mtu aliye hai umemuua. Mama akajifungia ndani. Pande zote tatu zilikuwa na Mungu wao, na katikati hapakuwa na mtu wa kumshika mama mkono.

Asubuhi ile walileta mgomba kutoka bondeni, mnene, unatoka maji. Baba mkubwa akatandika mkeka uani. Sasa wakakwama: urefu gani? Mmoja akasema Magesa alinifika hapa, mwingine akasema hapana, alikuwa mrefu zaidi. Baba mkubwa akageuka akaniona nimesimama mlangoni mwa jiko. "We Wakuru," aliniita. "Si mlikuwa mnalingana? Njoo ulale." Nikaenda. Ungefanya nini? Nikalala chali kwenye mkeka, mikono ubavuni, mgomba ukalazwa kando yangu, baridi yake inapita kwenye gauni. Nikafumba macho maana jua lilikuwa linaniingia. Nikasikia panga linaweka alama karibu na nyayo zangu. Nikawaza, basi hivi ndivyo alivyo, kimya hivi, mzito hivi. Chozi likanitoka, likaingia sikioni, na sikuthubutu kulifuta nisije nikaharibu kipimo.

Mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo. "Inuka!" Mama alikuwa hana kilemba, hana viatu. "Inuka hapo! Wakuru, inuka! Mnanilazia na huyu? Mimi sina mwingine, sina mwingine!" Akanivuta mkono karibu aung'oe, akanikumbatia na huku ananipiga mgongoni. Baba mkubwa akabaki na panga lake. Na ndipo nikamwona mzee Elisha amesimama karibu na boma, ameshika baiskeli, matope mpaka magotini. Alikuwa amekuja. Hakuleta joho wala kitabu mkononi, alikuwa amekuja kama jirani.

Mama naye akamwona. Akaniachia, akamfuata mpaka usoni kwake. "Mwinjilisti, wewe ni mtu wa Mungu. Niambie basi. Kule chini ni mwamba na maji. Huyo Mungu wenu atamtoaje mwanangu mle?"

Mzee Elisha akaiegemeza baiskeli kwenye boma. "Sijui, mama Magesa."

"Hujui!"

"Sijui. Na wangu wawili sijui. Niliomba mpaka nikavimba magoti, nikafikiri nikilegea ndiyo nimewaua. Miaka mama, nimeibeba hiyo kazi. Ninachokijua ni kimoja tu. Kuwatoa siyo kazi yetu. Ni kazi yake yeye. Yeye mwenyewe alilazwa kaburini, akatoka. Anajua njia ya humo."

"Siyo kazi yangu?" mama aliuliza. Aliuliza kama mtoto.

"Siyo kazi yako. Wewe kazi yako ni kulia."

Sijawahi kusikia kilio kama kile, na nimeshakaa misiba mingi. Kilimtoka mama kikamwangusha, na baba akatoka zizini akapiga magoti pale matopeni akalia naye, mbele za watu wote, mwanaume wa Kizanaki. Majirani waliotuachia unga mlangoni siku zile wakaanza kuingia mmojammoja, hakuna aliyewaita. Baadaye mama akasema, "Zikeni huo mgomba wenu," na hakwenda kaburini. Mzee Elisha alikwenda. Hakuuombea mgomba, aliwaombea waliousimamia, na kwa hilo wazee wa kanisa walimsimamisha huduma kwa miezi kadhaa, akawa anakaa nasi kwenye mabenchi ya nyuma.

Msidhani mambo yakawa mazuri kuanzia hapo. Hizo ni hadithi za kwenye wasifu. Lile tumaini la uongo lilipoondoka halikuacha kitu, mama akawa kama chumba kilichohamwa. Alilala mchana. Nilimlisha uji kwa kijiko, ananitazama tu. Kanisani alikwenda kwa sababu mimi nilimshika mkono, akakaa, akasimama wengine waliposimama, hakuimba. Mwezi baada ya mwezi. Nilimuuliza mzee Elisha kama tulifanya vizuri kumtoa kwenye ndoto yake, maana angalau kule alikuwa anatembea. Akaniambia, "Mwache. Anasubiri mahali pengine sasa, bado hajapazoea." Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilishaona kwamba huzuni haina mwisho. Hilo bado naliona hivyo. Mama alimlilia Magesa mpaka uzee wake, kila pamba ilipopasuka. Kama kuna anayewaambia imani inafuta, anawauzia maji ya mto.

Ila kuna Pasaka ya mwaka uliofuata. Kanisa limejaa, watoto wamevaa mpya, kwaya imepungukiwa sauti ya kwanza na inajikongoja. Ukafika wakati wa ushuhuda, watu wanasimama mmojammoja, huyu kapona malaria, huyu kafaulu mtihani, wote tunasema amina. Nikahisi benchi linatikisika. Mama alikuwa anasimama. Watoto wa mbele wakageuka kumtazama. Alishika mgongo wa benchi la mbele, pale alipokuwa amekaa mzee Elisha, akainama kidogo, nikadhani atakaa. Lile neno ambalo halijatamkwa nyumbani kwetu tangu siku ya Bunda, ambalo hata siku ya mgomba hakulisema, akalisema.

"Bwana asifiwe. Magesa amekufa," mama alisema. "Namsubiri."

Hapakuwa na aliyesema amina, nadhani hawakujua kama inafaa. Akakaa chini, akajifuta uso kwa kiganja, akaninong'oneza, "Sogea huko, umekalia kanga yangu."